Safu ya Mlango wa Dharura

Ngongoti aliunyanyua mguu wake wa kulia, akaulaza juu ya mzani wa mizigo, ili karani wa uwanja wa ndege auone vizuri.

"Dada yangu, mguu kama huu utaukunja wapi? Nipe safu ya mlango wa dharura. Viti viwili, mimi na huyu."

"Huyu" alikuwa mkewe, aliyesimama nyuma yake na sanduku kubwa la nguo. Ngongoti mwenyewe alibeba kimkoba tu, cha mtu atakayelala usiku mmoja na kurudi.

Karani alicheka. Watu wengi humcheka Ngongoti mara ya kwanza. Kazi yake ni kuuza rangi za nyumba mji hadi mji, na ulimi wake una rangi nyingi kuliko makopo yake. Habari za viti vya ndege atakupa bila kuulizwa. Safu ya mbele kabisa usiiguse, magoti yatasalimiana na ukuta. Safu ya mwisho kiti hakilali, na choo kiko mgongoni. Nafasi ya miguu kwa nauli ya kawaida iko penye mlango wa dharura, nayo hawapewi waliochelewa kuamka.

"Na katikati," humalizia, "weka mtu mwembamba. Nafasi yake yote inakuwa yako."

"Mimi waniweke tu huko nyuma," mkewe alisema polepole.

"Nyuma ukafanye nini? Utakaa katikati."

Karani aliwatazama wote wawili. "Masharti ya safu hiyo mnayajua? Hakai mtoto, mzee, mgonjwa wala mjamzito. Ikitokea hatari, nyie ndio wa kufungua mlango."

Ngongoti alicheka mpaka akashika meza. "Mjamzito? Huyu? Dada, mlango huu naugonga mwaka wa saba, haujafunguka! Wewe andika tu."

Watu wa kwenye foleni waliangalia viatu vyao. Mke alikuwa akilitazama sanduku lake likichukuliwa na mkanda wa mizigo.

Ndivyo walivyoishi. Akiulizwa mke, hujibu mume: kwa fundi cherehani, kwa mwenye nyumba, kwa mawifi. Hata hospitali walipimwa wote wawili, lakini majibu aliyafuata Ngongoti peke yake. Alirudi jioni, akavua viatu, akasema, "Tatizo ni wewe." Mke alilia wiki nzima, wala hakuuliza swali. Baadaye aliacha kulia, na Ngongoti akaona kwamba amezoea.

Sasa safari ilikuwa ya kumrudisha kwao. Tiketi za kwenda zilikuwa mbili, ya kurudi moja. Mchana huohuo, sebuleni kwa wakwe, Ngongoti angesimama mbele ya baba mtu na mama mtu aseme: nimevumilia vya kutosha, mti hauzai, nawarudishia mwenyewe. Maneno hayo alikwisha kuyafanyia mazoezi mbele ya kioo huku akinyoa ndevu. Mama yake alikwisha kumtafutia mwingine, tena mwenye nyonga, kama alivyosema mama huyo mbele ya mkamwana wake, akimpokea sahani ya chakula.

Ndani ya ndege, dirishani alikaa bwana mmoja mnene mwenye kofia. Mke akawekwa katikati. Ngongoti alikaa penye njia, akanyoosha miguu yote miwili, mmoja akaupeleka mbele ya mkewe. Mke akabana miguu yake pembeni na kuukumbatia mkoba wake tumboni. Tangu asubuhi hakutaka hata chai. Ni huzuni, Ngongoti aliwaza, na wazo hilo lilimpendeza kidogo.

Mhudumu alikuja, akainama, akayarudia masharti yaleyale. "Mko tayari kusaidia?"

"Niko tayari," alisema yule bwana mnene.

"Sisi pia," alisema Ngongoti. "Mimi na huyu."

"Samahani, kaka. Safu hii kila mtu hujibu kwa mdomo wake. Dada?"

"Si nimeshakwambia yuko tayari?"

"Kwa mdomo wake, kaka."

Mke alifungua mkanda wa kiti.

"Mimi siruhusiwi kukaa hapa," alisema, na sauti yake ilifika mbali kuliko ilivyopata kufika. "Nina mimba. Ya miezi minne."

Bwana mnene ndiye aliyeanza kupiga makofi. Yakadakwa na safu ya nyuma, kisha upande wa pili. "Hongera, baba!" alisema yule bwana, akaukamata mkono wa Ngongoti na kuutikisa kwa nguvu. Mhudumu naye alikuwa akitabasamu, akamwonyesha mke kiti kilichokuwa wazi huko nyuma.

"Kunja miguu nipite," mke alisema.

Ngongoti akakunja. Alipokuwa akipita, mkewe alimwinamia sikioni. "Baba akiuliza mchana, jibu wewe. Si umezoea?"

Kiti cha katikati kikabaki kitupu, nafasi tele. Ngongoti alimchekea kila aliyempongeza, miguu bado kaikunja. Kichwani mwake daktari alikuwa anafunga tena mlango wa chumba chake, anavuta kiti, anasema yaleyale ya siku ile: "Mkeo ni mzima kabisa, kaka. Wewe ndiye huna mbegu. Hata moja."