Mkono wa Mkwe

Tangu glovu za tiba ziingie majumbani, hospitali haimpokei mgonjwa asiyepimwa kwa mkono wa mtu wa nyumbani kwake. Siku ng'ombe alipombana mama mkwe wangu kwenye mlango wa zizi, nyumbani nilikuwepo mimi tu. Alijikokota hadi kitandani, nami nikavaa glovu.

“Gusa nyonga ya kushoto,” ikasema.

Nikasita. Kwetu mkwe hakalii hata kitanda cha mama mkwe.

“Mama, inataka nyonga.”

“Nyonga yangu imeiibia nini? Pima goti, baba.”

Nikapima goti. Glovu ikasema goti ni zima.

“Umeona? Sasa msubiri mwenzako.”

Nikatoka, nikapiga magoti barazani, nikamwachia Mungu kazi aliyokuwa amenipa mimi.

Mke wangu, Nakiete, alirudi baada ya saa mbili, akamgusa. Mshipa mkubwa wa damu ulikuwa umechanika ndani ya nyonga. Madaktari walipitisha mrija mwembamba kinenani wakauziba ule mchaniko, mama akapona. Lakini mguu ulikuwa umekosa damu muda mrefu mno. Wakaukata.

Sasa kila asubuhi, saa waliyopanga madaktari, Nakiete akiwa kazini, glovu inataka kujua kama mshipa unavuja. Mama anageukia ukutani, naweka mkono. Zamani tulitaniana sana, yeye ndani, mimi nje ya mlango. Naomba Mungu anisamehe. Naomba pia nisije nikazoea.