Kelele Kituoni

Sindano ya kipimo cha mawimbi iliruka hadi mwisho, ikaganda hapo.

"Anayetuvuruga yumo humu humu," alinong'ona Bi Kimya. "Leo ni leo."

Wafanyakazi wa kituo cha kuchunguza nyota walimbandika mkuu wao jina hilo kwa sababu ya amri yake: simu marufuku, redio marufuku, chochote kirushacho mawimbi marufuku. Walitania kwamba pale hata jogoo huomba ruhusa ndipo awike. Yeyote ambaye angekamatwa angefukuzwa siku hiyo hiyo, awe mpishi, awe mtoto wa mkuu wa kituo. Na mtoto huyo ndiye aliyekuwa fundi mitambo, sasa akitembea nyuma ya mama yake na kishada cha funguo.

Haukuwa ukali wa bure. Antena kubwa za uwanjani zilikuwa zikisikiliza galaksi moja ndogo, ya mbali mno, ambamo nyota zilizaliwa kwa fujo na kuirusha gesi nje kama chungu kinachofurika. Bi Kimya alitaka kujua jambo moja: je, ni nguvu za sumaku zinazoishika gesi ile isipotelee gizani? Jibu lilikuwa karibu. Lakini tangu baridi ianze, kelele ya mawimbi ya kitu cha hapa hapa duniani iliufunika mnong'ono wa galaksi, na zamu yao ya kusikiliza ilikuwa inaisha wiki ile. Kazi ya maisha yake ilikuwa inakwenda na maji.

"Twende jikoni."

"Tumetoka huko, Mama."

"Basi turudi. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Vaa koti kwanza, nje kuna upepo."

Mpishi alipowaona tena aliinamisha macho. Sindano ikaruka mwisho. Stoo, mwisho. Chumba cha kompyuta, mwisho. Kila walikoingia, kelele ilikuwamo.

Bi Kimya alisimama katikati ya uwanja. Akamgeukia binti yake.

"Toa vilivyomo mfukoni."

"Mama, tafadhali..."

"Hapa mimi si mama yako. Toa!"

Bisibisi. Leso. Funguo. Hakuna zaidi.

"Viache chini. Nenda mpaka langoni."

Binti alikwenda, akigeuka kila baada ya hatua chache. Bi Kimya alikikodolea macho kipimo, akiomba kimoyomoyo sindano isishuke. Ikishuka, angelazimika kumfukuza mwanawe wa kumzaa.

Haikushuka hata kidogo.

"Si wewe!" alipaza sauti, karibu acheke. Kisha akatazama huku na huko. Uwanja mzima ulikuwa mtupu.

Binti alirudi polepole, machozi yakimlengalenga. Akaokota bisibisi, akapiga magoti, akaushika upindo wa koti la mama yake na kuufumua. Kidude kidogo kama kifungo kikamdondokea kiganjani, kijitaa chake kikiwaka na kuzimika.

"Tulikishona mimi na Baba ili tujue uliko," alisema, "baada ya siku ile ulipopotea njia ya nyumbani."

Bi Kimya alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Siku ipi hiyo?"