Ua Lisilokunywa Maji

Zuwena alipiga magoti, akasugua kwa msasa doa jeusi kwenye sakafu ya mninga. Hapo ndipo lilipokaa ua la mama yake asiyeona. Mwaka juzi lilikauka, na Zuwena, asitake kumhuzunisha, akaweka la plastiki kimyakimya. Mama akaendelea kumwagilia kila asubuhi. Maji yote yakanywewa na mbao.

"Unasugua nini, mwanangu?"

"Doa tu, mama. Leo litatoka, litake lisitake."

"La plastiki halinywi, eh?"

Msasa ukasimama. "Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Ua gani lisilonuka udongo? Lakini ulikuwa umelihangaikia. Ningeachaje kulimwagilia?"

Mama akashuka kitini, akalipapasa doa, akanyoosha mkono.

"Nipe na mimi."

Zuwena akauchana msasa vipande viwili.