Boksi la Pili

Zikiwa zimebaki dakika nne mechi iishe, Ardith Nygaard alikuwa amekalia boksi ambalo bosi wake alimwamuru asilifungue hata ukumbi ukiungua moto.

Maboksi yalikuwa mawili, kando ya meza ya mtunza muda. Ndivyo ilivyo kila Machi kwenye fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo vya Shirikisho la Mito Mitatu: fulana za ubingwa huchapwa za timu zote mbili, maana kengele ya mwisho ikilia tu, kamera za televisheni hazingoji mtu aende kwa mchapaji. Washindi huvaa za kwao papo hapo, huletewa ngazi na mkasi, wakaukata wavu wa kikapu wagawane vipande. Za walioshindwa hazionwi na mtu. Ardith huzipeleka chini kwenye tanuru la kupashia ukumbi joto. Ndiyo kazi aliyoajiriwa nayo mwaka 1986, na tangu hapo hakuna bosi aliyewahi kushuka naye kuhakikisha.

Boksi la kwanza lilikuwa na fulana za Ridgemoor, na hilo halikuwa na shida. La pili ndilo lililomtoa jasho Dwight Tolliver, mkuu wa mashindano. Tolliver alipeleka majina kwa mchapaji Ijumaa, kabla nusu fainali hazijachezwa. Aliandika Ridgemoor na Stanwick, kwani nani angewafunga Stanwick? Jumamosi wakafungwa na Tamarack, chuo kidogo cha kaskazini kilichopangwa cha nane kati ya vyuo vinane, na ambacho wachezaji wake walikuja kwa basi la kuazima kanisani. Jumapili asubuhi Ardith alipofungua boksi, alikuta fulana kumi na tano zinazosema Stanwick ni mabingwa.

“Mchapaji hapokei simu, yuko ibadani,” alisema Tolliver. “Lifunge hilo boksi, lisifunguliwe tena. Ridgemoor watashinda, yaishe.”

“Na wasiposhinda? Vijana wa watu wavishwe jina la chuo kingine, nchi nzima inatazama?”

“Bi Ardith, usinitie nuksi asubuhi yote hii.”

Ardith hakubishana. Akapanda gari akaenda nyumbani kumpashia mumewe supu, akarudi kabla watazamaji hawajaingia.

Mumewe, Vern, si mtu wa kuja ukumbini. Mara ya mwisho kuingia humo alikuwa na miaka ishirini na moja, amevaa jezi ya Tamarack, kwenye fainali pekee waliyowahi kufika. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa Ardith kazini. Tamarack walikuwa nyuma kwa pointi moja, Vern akapewa mitupo miwili ya adhabu, akakosa yote miwili. Baadaye Ardith alimkuta kwenye ngazi za kushukia kwenye tanuru, kajifunika taulo kichwani. Akaweka chini mzigo wake, akaketi naye. Kiangazi kilipofika wakaoana. Siku hizi kila fainali Vern hukaa mbele ya redio na fulana yake kuukuu ya kijani, ambayo Ardith kamkataza kutoka nayo hata kufagia theluji mlangoni.

“Piga, piga!” Sasa, kando ya meza, Tolliver alikuwa akiwahimiza Ridgemoor chinichini.

“Dwight, unawashangilia kama uliwazaa wewe,” alisema Gus, mtunza muda.

“Wewe tazama saa yako.”

Zilipobaki sekunde mbili, Ridgemoor walikuwa mbele kwa pointi moja. Kijana mwembamba wa Tamarack akaruka kufunga, akapigwa mkono. Filimbi. Mitupo miwili ya adhabu.

Ardith aliogopa. Aliogopa kuliko siku aliyojifungua mwanawe wa kwanza, na siku ile aliogopa sana. Alijua kwamba nyumbani, saa hiyo, kuna mtu ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Mtupo wa kwanza uliingia. Wa pili ukagonga chuma, ukapanda, ukagonga tena, ukazunguka kama usiojua kwao, ukaingia. Ridgemoor wakarusha mpira mbali, kengele ikalia.

Kaskazini nzima ilimwagika uwanjani. Tolliver alikuja mbio.

“Waambie lori la fulana limekwama kwenye theluji!”

“Lori gani?” alisema Ardith, akainuka kwenye boksi.

“Usilifungue! Bi Ardith, nakuomba, kamera hizo!”

Ardith akakata utepe wa gundi kwa mkasi wa kukatia wavu. Tolliver akafumba macho. Fulana zikatoka zikinuka dawa ya kuzuia wadudu kabatini, zikarukia mikononi mwa vijana, zikapita vichwani kwa taabu, maana zilikuwa za kubana na vijana wa siku hizi wana mabega. Tolliver alipofumbua macho hakuona Stanwick popote. Aliona kijani tupu.

Nahodha wa Tamarack aliinamisha shingo akasoma kifuani pake, kisha akasoma kifuani pa mwenzake, akaja mpaka mezani.

“Mama, hizi zimeandikwa Tamarack Mabingwa 1986,” alisema. “Halafu ziko kumi na nne. Imepungua moja.”

“Hiyo iko nyumbani,” alisema Ardith, akimkabidhi mkasi. “Inasikiliza redio.”