Mhanga na Chumba cha Ziada

Alikuwapo Mhanga, fundi wa kuchimba, aliyeweka rehani pango alimolala mkewe mgonjwa: asipommalizia Fisi handaki kabla ya masika, pango litakuwa la Fisi. Kazi ikiendelea, Fisi akaagiza chumba cha ziada, penye mwamba. Mvua ikamkuta Mhanga angali anachimba.

Fisi akadai pango. Mbele ya Nyati, hakimu, Mhanga alimleta Kasuku, asiyesahau neno, awe shahidi wake.

"Waambie alichoniagiza, ndugu yangu."

Kasuku akaiga sauti ya Fisi: "Fundi, niongezee chumba hapo mwambani." Kisha akaiga ya Mhanga: "Hamna shida, bosi."

"Ilikuwa adabu tu, mheshimiwa!"

"Ungeomba muda," Nyati akasema. "Ulisema hamna shida. Pango ni la Fisi."

Mhanga akamtoa mkewe pangoni, mvua ikinyesha. Kabla masika hayajaisha, akachimba tena, shimo fupi, la kumlaza mkewe milele.