Gari la Kutelezea

“Hili ni zima,” mzee alisema, akitambaa kutoka uvunguni mwa gari. “Difu haina mlio, klachi inashika, chuma hakijala kutu. Ukiliacha hili, basi.”

Bintiye alilizunguka gari taratibu. Uso ulikuwa umemshuka.

“Rangi yake siipendi, baba.”

Mzee alimtazama muuza magari, muuza magari akatazama mbingu. Hiyo ilikuwa yadi ya tatu tangu asubuhi. Gari la kwanza viti vyake vilikuwa vigumu, la pili lilinuka sigara, sasa hili rangi. Mzee alichoka, na wala si kwa jua peke yake.

Tangu karakana alikokuwa fundi ifungwe na yeye kuambiwa akapumzike, alikuwa amechoka kila siku. Aliamka akakaa kwenye kiti cha dirishani, jua likizama akarudi kitandani. Sanduku la spana lilikuwa uvunguni mwa kitanda, ovaroli ilining’inia nyuma ya mlango na grisi yake. Mkewe alishaacha kumwambia anyoe ndevu.

Kilichomtoa kitini ni hofu. Binti yake wa pekee, aliyekuja likizo kutoka mji wa mbali anakofanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno, alitangaza mezani kwamba anataka kununua gari, Mjapani wa zamani, wa gia za mkono, anayesukumwa na matairi ya nyuma. Anataka kuingia kwenye mchezo wa drifti. Yaani mtu na akili zake anaingia kwenye kona gari likiwa ubavuubavu, kwa makusudi, matairi yakifuka moshi, na watu wamelipa kiingilio kumtazama.

“Mboni ya jicho langu inataka kujitoboa yenyewe,” mzee alimwambia mkewe.

“Hasikii. Nimesema mpaka koo limekauka,” mkewe alijibu. “Basi nenda naye, angalau apate lenye breki.”

Ndiyo maana alikuwa hapo, magoti yamejaa vumbi. Kila walipopewa ufunguo wa kujaribu, binti aliusukuma kwake. “Endesha wewe, baba. Mimi nisikilize injini.” Akakaa pembeni, mkanda kifuani, akiuliza maswali. Mlio huo ukitaka kuuondoa unafungua nini? Difu ya kufunga, ya kuzungusha matairi ya nyuma pamoja, unaiweka mwenyewe au mpaka karakana kubwa? Mzee alianza kwa kujibu kwa mkato. Baadaye alijikuta anachora kwa kidole kwenye vumbi la boneti namna difu inavyoyagawia matairi nguvu ya injini. Alipojishtukia, akaufuta mchoro kwa kiganja.

“Na lile je?” binti aliuliza sasa, akionyesha nyuma kabisa ya yadi, ambako majani yalikuwa yametokeza kwenye bampa.

Muuza magari alicheka. “Dada, lile halijawaka tangu lishushwe hapa. Nawasubiri watu wa vyuma chakavu.”

Mzee aliinua boneti, akachungulia, akaifunga kwa adabu, kama mtu anayefunika marehemu.

“Hili siyo gari, mwanangu. Injini imekwama, giaboksi imekufa, sakafu imeoza, nyaya zimeliwa na panya.”

“Lakini linasukuma kwa nyuma?”

“Lilikuwa linasukuma.”

“Ingekuwa wewe, ungeanzia wapi?”

Mzee alikuna ndevu. Akaiinua boneti tena, ahakikishe tu. “Ningeshusha injini kwanza,” alisema. “Halafu…” Akaeleza mpaka muuza magari akaenda kutafuta kiti.

“Nalichukua hili,” binti alisema.

Mzee alikasirika kwelikweli. Alimwambia sikio la kufa halisikii dawa. Binti akaitikia ndiyo, baba. Gari lilivutwa kwa kamba nyuma ya pikapu ya yadi. Hata usukani wa gari la kuvutwa binti aliukataa, eti mikono inamtetemeka kwa furaha. Mzee akaushika mwenyewe, amenuna njia nzima, akijifariji kwamba angalau gari lisilowaka haliui mtu.

Kesho yake sanduku la spana lilitoka uvunguni. “Naangalia ugonjwa tu,” alisema. Keshokutwa ovaroli ikashuka mlangoni. Wiki haijaisha ndevu nazo zikanyolewa, kwa sababu, alieleza bila kuulizwa, zilikuwa zinanasa grisi.

Likizo ilipoisha injini ilikuwa bado bubu, lakini giaboksi ilikuwa imerudi mahali pake. Asubuhi ya safari mzee alilala chali chini ya gari, akipiga mluzi. Kutoka pale aliona ndala za mkewe, viatu vya safari vya bintiye, na begi katikati yao.

“Sasa hiyo drifti yenyewe unaanza lini?” mkewe aliuliza. “Maana mimi usingizi sipati.”

Viatu vya safari vilisogea karibu na ndala. Binti alishusha sauti, ila haikushuka vya kutosha.

“Mama, mimi hata kuendesha gari sijui.”

Mluzi ukakatika. Spana ilimponyoka mzee ikamwangukia kifuani, akaiacha hapo hapo ilipoangukia. Aliitazama sakafu iliyooza ambayo alikuwa ameshaichomelea nusu.

“Mwanangu,” aliita hatimaye, “kabla hujaondoka, ingia hapo kwenye usukani unikanyagie klachi. Ni ile ya kushoto.”