Salamu Kwanza

Mzee Saburi alijibu kwa Kiarabu kwamba anajua kupiga pasi, kupika wali na kuogesha watoto, na kwamba yeye ni msichana wa miaka ishirini na mbili, hajaolewa.

Darasa lilicheka. Ndivyo somo lilivyoandikwa ubaoni, naye alikuwa amelikariri lote bila kuruka kitu.

"Babu, wakikuchukua Maskati utuachie baiskeli," alisema Zaitun, aliyekaa mbele yake.

"Haina breki, mke wangu. Kama serikali."

Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha madrasa, Nachingwea mjini, kila Jumamosi. Ustadhi Mudrik, aliyesoma Sudani, aliwafundisha humo wasichana wanaokwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni. Saburi alikuja kwa baiskeli kutoka Naipingo, akakaa nyuma.

Alikuwa anamtafuta binti yake. Nasma, aliyerithi jina la bibi yake kama ilivyo desturi ya kwao, aliondoka kwenda kazi huko huko kupitia kwa wakala mmoja wa Dar, mwaka wa nne sasa. Mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa. Halafu likaja agizo la kusajili laini kwa alama za vidole. Saburi alikwenda. Vidole vyake vilikuwa vimelika kwa mafuta ya maganda ya korosho. Akivibonyeza, mashine inasema haioni mtu. Akarudi tena na tena, mashine ikashikilia neno lake. Laini ikafungwa. Waliotoa agizo hawajawahi kubangua korosho maishani mwao. Wao huzikuta kwenye sahani, zimeshatiwa chumvi.

Alikwenda kwa mtendaji kusema mtoto amepotea. Mtendaji akamtuma wilayani. Wilayani wakamtaka alete uthibitisho kwamba haonekani. Wakala naye alikuwa amehama ofisi. Majirani, kwa nia njema kabisa, wakaanza kumshauri amsomee hitima, yaishe.

Alichobaki nacho ni namba ya simu ya nyumba aliyofanyia kazi binti yake, aliyoiandika kwa mkaa nyuma ya mlango wake siku ile Nasma alipoitaja. Aliipiga kwa simu ya jirani. Akapokea mwanamume. Saburi akasema, "Nasma! Nataka Nasma!" Mwanamume akafoka, akakata. Kila alipopiga ikawa hivyo hivyo. Saburi akaamini wamemuua.

"Hukumwuliza kitu, ulimtukana," Ustadhi Mudrik alimwambia siku ya kwanza. "Kule, mwanamume wa nje hamtaji mwanamke wa nyumba ya watu kwa jina lake. Akimtaja, anamtaja kwa mwanawe wa kiume: Umm fulani, mama wa fulani. Na huanzi na shida yako. Salamu kwanza, ndefu, mpaka mwenyewe akuulize haja yako."

Saburi alisema hilo la majina halimpi tabu. Marehemu mkewe aliitwa Mama Nasma maisha yake yote. Siku alipofia kwenye benchi la zahanati, mganga akiwa semina, hakuna jirani hata mmoja aliyeweza kumtajia karani jina lake.

Basi akajifunza salamu msimu mzima. Akiwa anapalilia mikorosho aliiuliza habari za wazazi wao. Mbuzi wake walitakiwa heri kwa Kiarabu asubuhi na jioni, na hawakujibu, kama ofisi.

Jumamosi moja, somo lilipokwisha, Ustadhi aliweka simu yake juu ya meza, akaongeza sauti, akapiga ile namba. Wasichana hawakuondoka.

Akapokea yule yule mwanamume.

Saburi akamsalimu. Akamwuliza afya yake, habari za nyumba, habari za wazee, joto la huko na mvua kama ipo. Mwanamume alijibu kwa mkato, kisha kwa urefu, kisha naye akaanza kuuliza afya ya mzee, mashamba yake na safari zake. Zaitun aliacha kutafuna bigijii.

Mwishowe mwanamume akauliza mwenyewe: mzee ana haja gani?

"Msichana wa kazi," Saburi alisema. "Alikuja hapo kwenu kutoka Tanzania. Nataka kujua ni mzima au amekufa. Basi."



"Mzee wangu, umekosea nyumba," mwanamume alisema polepole, apate kueleweka. "Msichana wa kazi hatuna, huu mwaka wa tatu. Tumo mimi, mama yangu na watu wangu wa ndani."

Zaitun aliinamisha kichwa. Ustadhi alinyoosha mkono kuzima simu, Saburi akamzuia. Somo lilikuwa halijaisha. Mtu hakati simu ya watu bila kuacha salamu za kuagia.

"Haya. Nisalimie mama yako," alisema. "Nisalimie na huyo wa ndani, Umm..." Akasita, maana jina la mtoto wao hakulijua.

"Umm Saburi," mwanamume alimsaidia, akicheka kidogo. "Usishangae, mzee, jina si la kwetu. Mama yake ndiye aliyeling'ang'ania."